Baridi ya Julai Isitufungie Ndani

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Juni, hapa Nairobi mambo huwa ni yale yale. Mawingu hushuka, jua hujificha hadi saa sita, na kila mzazi huanza kupaza sauti: "Funga mlango! Rudisha hilo dirisha! Unataka kupata kichomi?" Watoto ambao mwezi wa Januari walishinda uwanjani, sasa hushinda mbele ya televisheni wamejifunika blanketi, jiko la makaa likiwa katikati ya chumba. Bustani za jiji, ambazo wakati wa Krismasi hukosa hata mahali pa kutandika leso, hubaki tupu hadi Septemba.

Maoni yangu ni kwamba tumemkamata asiye na hatia. Mwizi mwenyewe tumemfungia ndani pamoja na watoto wetu.

Nakiri kwamba hata mimi nilikuwa hivyo. Julai moja kitinda mimba wetu alikohoa wiki tatu mfululizo. Tuliziba hata tundu la chini ya mlango kwa gunia. Mama mkwe akaleta sweta la pili, nami nikaongeza makaa. Tulipofika kliniki, muuguzi alimpima mtoto, akamsikiliza kifua, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia:

"Baba, jiko mnaliweka wapi?"

"Ndani, sista. Si kuna baridi?"

"Na dirisha?"

"Tumelifunga, sista."

Alinitazama, akasema polepole: "Basi huyu mtoto hana shida ya baridi. Ana shida ya nyumba. Akipona, mtoeni nje."

Maneno hayo yaliniudhi siku ile. Leo nayashukuru.

Tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Kichomi, yaani nimonia, huletwa na vijidudu: bakteria au virusi vinavyoingia katika mapafu. Ni kweli kwamba virusi vingine vya mafua hustawi zaidi majira ya baridi. Lakini vijidudu hivyo haviokotwi katika nyasi za bustani. Hutoka kwa mtu na kuingia kwa mwingine kwa kukohoa, kupiga chafya na kushikana mikono. Watu saba wakilala na kushinda katika chumba kimoja kisicho na hewa, mmoja akiwa na mafua, kesho watakuwa watatu.

Ongeza moshi. Shirika la Afya Duniani linatueleza kwamba moshi wa kupikia nyumbani karibu huongeza maradufu hatari ya mtoto mdogo kupata kichomi. Halafu kuna jambo baya zaidi ya moshi. Makaa yanayoonekana mekundu na safi hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi usio na kuamka. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyokutwa hivyo asubuhi. Wazazi wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wanawatafutia watoto wao joto. Kwa hiyo, jiko lisilale ndani kamwe, hata usiku mmoja.

Sasa tuje kwenye bustani. Baridi yetu ni ya namna gani hasa? Usiku wa Julai hapa Nairobi joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12 hivi, lakini mchana hupanda hadi 21 au 22. Huko Finland na nchi jirani zake, ni desturi ya miaka mingi kumlaza mtoto nje mchana wakati wa baridi kali, akiwa amefunikwa vizuri katika kigari chake. Sisemi tuwaige. Nasema tu kwamba mchana wetu wa Julai si wa kumtisha mtoto mwenye afya aliyevaa sweta.

Faida zake ni nyingi. Mtoto anayekimbia hujitengenezea joto mwilini bila senti ya makaa. Anavuta hewa isiyo na moshi wa jiko. Anapata mwanga wa jua, ambao huusaidia mwili kutengeneza vitamini D ya kuimarisha mifupa. Sisi tuko karibu na ikweta, na hata siku ya mawingu mwanga huo hupenya. Mtoto anayefungiwa ndani mwezi baada ya mwezi, hasa ikiwa lishe yake ni duni, anaweza kupata matege. Na mzazi aliyechoka kwa kelele za chumba kimoja naye hupata nafasi ya kupumua.

Sisi tulianza na bustani ya City Park kule Parklands. Ina ukubwa wa hekta 60 hivi, na sehemu kubwa ni msitu wa asili. Wakati wa baridi hupendeza kwa namna yake: majani yamelowa umande hadi karibu saa nne, udongo unanukia, na kima wanateremka mitini kutafuta kitu cha kula kwa kuwa wageni ni wachache. Watoto wangu huwapenda kuliko katuni za televisheni. Lakini msiwalishe kwa mikono. Kima akimng'ata au kumparura mtoto, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Walio upande mwingine wa jiji wana Uhuru Park, au Arboretum karibu na Ikulu, ambayo miti yake ilianza kupandwa mwaka 1907.

Namna ya kwenda ni rahisi. Toka nyumbani saa nne, ufike saa tano ukungu ukiwa umekwisha, na urudi saa tisa kabla baridi haijaanza kuuma. Vaa nguo mbili tatu nyepesi badala ya koti moja zito, ili mtoto akitoka jasho uvue moja. Beba soksi za akiba, kwa maana nyasi zimelowa. Beba uji au chai katika chupa ya kuhifadhi joto, na viazi vitamu vya kuchemsha. Jambo la usalama nalo si dogo: nendeni kwa kikundi. Kwa nini Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zisipange siku moja katika likizo ya Agosti? Familia nne au tano zikikaa pamoja, watoto huchungwa na macho mengi.

Wapo wa kuangaliwa zaidi. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu asiachwe apigwe na baridi, kwani huweza kumletea maumivu makali. Mwenye pumu ajifunge skafu puani na mdomoni, na abebe dawa yake ya kuvuta. Mtoto mchanga na mzee dhaifu wasubiri siku yenye jua. Mwenye homa abaki nyumbani, dirisha likiwa wazi kidogo.

Na usingoje mtoto azidiwe. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi kumi na miwili, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Ukiona hivyo, au kifua kinabonyea anapovuta pumzi, au anakataa kunyonya, mpeleke hospitali mara moja. Hakikisha pia amepata chanjo ya kichomi ambayo hapa Kenya hutolewa kwa watoto wachanga tangu mwaka 2011. Kinga ni bora kuliko tiba.

Nina neno moja zaidi. Ardhi isiyotembelewa na wananchi hutembelewa na wanyakuzi. Mwaka 1989 Uhuru Park ilikuwa imepangiwa jengo la ghorofa 60. Wangari Maathai alipiga kelele hadi mpango ukaachwa. City Park nayo imemegwa pole pole kwa miaka mingi, hata ikabidi itangazwe kuwa urithi wa taifa mwaka 2009. Humo amelala Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1965, na karibu naye rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais. Tunapoiacha miezi mitatu bila mtu, ni kama tunatangaza kwamba haina mwenyewe.

Wazee wetu mnakumbuka Agosti 1985, Papa Yohane Paulo II alipofunga Kongamano la Ekaristi pale Uhuru Park. Ulikuwa ni msimu huu huu wa baridi. Umati ule ulikaa nje saa nyingi, wachanga wakiwa mgongoni mwa mama zao. Hakuna aliyesema tubaki nyumbani tufunge madirisha.

Basi Jumamosi hii, toa jiko nje, fungua dirisha, mvalishe mtoto sweta, mtoke. Yule kitinda mimba wangu sasa ndiye anayenigongea mlango saa tatu: "Baba, ukungu unaondoka. Twende."