Usimhukumu Mwimbaji Kabla ya Kuihukumu Kaseti

Leo hakuna somo la kuandika programu, lakini msikimbie, kompyuta imo ndani.

Siku hizi jioni zangu zinaishia Mji wa Kale, kwa mjomba wangu. Nahamisha kaseti zake za taarabu kuziingiza kwenye kompyuta kabla hazijafa. Na zinakufa kweli: mikanda inanata, mingine inakatika ukiigusa tu.

Tukafika kwenye wimbo mmoja wa Juma Bhalo uliokuwa kwenye kaseti mbili. Moja ilirekodiwa harusini. Ya pili ni nakala iliyonakiliwa nyumbani kutoka nakala nyingine, ya siku tofauti. Nikasikiliza zote nikatoa hukumu papo hapo: hii ya pili ndiyo bora! Sauti iko juu, mwendo mwepesi. Ile ya harusi nzito, mwimbaji kama kachoka. Na kwa kuwa mkanda wake ulikuwa umekwama, nikasema tuiache.

Mjomba akaweka kikombe cha kahawa chini. "Mwanangu, huyo wa pili si Bhalo. Bhalo hakuwa na haraka hivyo."

Nikadhani ni mapenzi ya ujana wake tu. Nikafungua Audacity, programu ya bure, ili nimwonyeshe. Matokeo yake nikajionyesha mwenyewe.

Umeme wa Kenya hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na mashine nyingi za zamani huacha mvumo huo ndani ya rekodi bila mtu kutaka. Nilipochora masafa ya kaseti yangu "bora" nikaona vilele viwili chini kabisa: kimoja kwenye 50, kingine kwenye 53. Cha 50 ni cha vyombo vyangu vya leo. Cha 53 kilikuwa kimo ndani ya mkanda wenyewe. Umeme haukuwahi kupiga 53! Maana yake deki iliyonakili ilizungusha mkanda polepole, na sasa ukichezwa kwa kasi sahihi, kila kitu kinakimbia kwa asilimia 6.

Asilimia 6 si mchezo. Sauti inapanda karibu nusu toni kwenye kinanda, kutoka kitufe cheupe hadi cheusi cha jirani. Wimbo wa dakika 6 unaisha sekunde 20 mapema. Ule "uchangamfu" niliousifu haukuwa wa Bhalo. Ulikuwa wa mota ya deki.

Hoja yangu basi ni hii: anayelinganisha rekodi mbili ana kazi mbili, na ya kwanza ni kuondoa kilichowekwa na mashine. Ukiiruka hiyo, unahukumu mota na mkanda huku ukidhani unahukumu mtu.

Wenzetu wapenzi wa simfoni za Ulaya wana mchezo huu wa miaka mingi: nani kaongoza vizuri zaidi, mwendo wa nani ndio sawa. Lakini wao wana karatasi. Beethoven alichapisha vipimo vya mwendo vya simfoni zake nane za kwanza mwaka 1817, na msikilizaji anaweza kuweka kidole kwenye noti akabishana. Hata hivyo hawako salama. Arthur Nikisch alirekodi Simfoni ya Tano na Berlin Philharmonic mwaka 1913, muziki ukakatwa vipande ili utoshe kwenye santuri, na santuri za enzi zile hazikuwa na kasi moja. Anayesema leo kwamba Nikisch alikimbia au alichelewa, aulize kwanza santuri ilizungushwa kwa kasi gani.

Sisi taarabu yetu ya Mombasa kwa sehemu kubwa haina karatasi ya kurudia. Shahidi ni rekodi yenyewe. Shahidi akipotoshwa, hakuna wa kumsahihisha ila masikio ya wazee, nao wanatutoka. Bhalo mwenyewe alifariki 2014.

Urefu nao unadanganya. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu. Santuri ndogo zilizofuata, kama zile za Mzuri Records hapa Mombasa, nazo zilikuwa na mpaka wake. Kaseti ya dakika 60 ilifungua mlango: harusini watu wanainuka kutuza, ubeti unarudiwa, wimbo unanyooka. Usiseme wa santuri alikuwa na haraka na wa harusini alizubaa. Kila mmoja aliimba kwa nafasi aliyopewa.

Na kuna mtego wa sauti kubwa. Rekodi iliyo juu kidogo tu sikio huiona tamu zaidi. Zisawazishe kwanza, ndipo ulinganishe.

Haya, je, programu inaweza kutuambia nani bora? Hapana. Nilipoirudisha ile nakala kwenye kasi yake, nikaifungua kaseti ya harusi kwa bisibisi na kuuhamisha mkanda kwenye gamba jipya, nikasikiliza zote tena. Mwendo ukawa karibu mmoja. Hapo ndipo nikasikia tofauti ya kweli: harusini Bhalo anaushikilia mwisho wa mstari, vigelegele vinapanda, anangoja vishuke, ndipo anaendelea. Hakuwa amechoka. Alikuwa akisikilizana na watu.

Hilo kompyuta haikunionyesha. Ilichofanya ni kuniondolea uongo uliokuwa njiani, na mjomba alikuwa ameshausikia bila grafu yoyote.

Kwa hiyo mwenye kaseti nyumbani, hamisha zote, hata ile "mbaya". Usichague kwanza. Mimi nilibakiza dakika chache tu niitupe iliyo sahihi.