Mwembe ni Wako, Ila Majani Anafagia Nani?

Mvua za kwanza zikishagonga Mpanda, kwenye Novemba hivi, Insta inageuka bustani. Kila mtu na mche wake, kila mtu na jembe, picha tatu na maneno matamu ya kutunza mazingira. Safi sana. Ila kuna mtu mmoja haonekanagi kwenye hizo picha: jirani.

Chukulia kijana mmoja wa Ilembo, jina abaki nalo mwenyewe maana wa aina yake wako kila mtaa. Kapata kiwanja, kajenga vyumba viwili na sebule, kapanda mwembe nusu mita tu kutoka mpakani. Upande wa pili anaishi bimkubwa mmoja, mjane. Mwembe ukiwa mche unapendeza, hadi bimkubwa anaumwagilia maji. Baada ya miaka kumi mambo yanabadilika. Majani yanaangukia uani kwa mama, mizizi inatafuta karo lake, na upepo ukivuma tawi linalala juu ya bati lake. Halafu embe lidondokee huko, wajukuu walile, inakuwa kesi. Yaani kufagia afagie mama, matunda yawe ya kijana!

Hapo wengi husema, "Mti uko kwangu, anataka nini?" Kweli, shina liko kwako. Lakini matawi hayajui kusoma hati. Shambani wakulima huacha kama mita 10 kati ya mwembe na mwembe, kwa sababu mti unahitaji nafasi hiyo. Sasa kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, ukiuweka nusu mita kutoka mpakani, karibu nusu ya mti umeipanda kwa jirani bila kumuomba.

Mbaya zaidi ni ule ujanja wa kusogeza mpaka kwa miti. Mwaka huu minyaa hapa, mwakani mstari mwingine hatua moja mbele, baadaye "mpaka ndo huu tangu enzi". Kwenye kiwanja kilichopimwa, mpaka unasomwa kwenye jiwe na ramani ya upimaji, sio kwenye minyaa. Na minyaa yenyewe si ya kuchezea: utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kuumiza hadi mtu asione kwa muda.

Haina maana watu waache kupanda. Serikali inataka kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka, na jua la Katavi kila mtu analijua. Ishu ni mahali na maneno. Mwembe na mparachichi viingie mita tano ndani. Mpakani ziachiwe michongoma na maua yanayokubali mkasi. Na kabla ya kuchimba shimo, ni hatua chache tu:

"Shikamoo mama. Nataka kupanda mti upande huu, naomba uje tuangalie wote pa kuuweka."

"Marahaba mwanangu. Ngoja nivae kandambili."

Dakika tano, imeisha hiyo.

Ukiruka hapo, njia iliyobaki ni ndefu. Tangu 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo hata sheria yenyewe inaanza kwa kusema: kaeni muongee kwanza.

Wachaga walilijua hili zamani. Kule Kilimanjaro isale hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, na jani la isale hilohilo ndilo mtu hulipeleka kwa aliyemkosea akiomba msamaha. Waliopanda mpaka walijua kuna siku watahitaji kupatana.

Sasa huyu kijana wa Ilembo mwenye mwembe mkubwa tayari afanyeje? Akate matawi ya upande wa mama kwa hela yake, kabla ya pepo za mvua, na kila msimu ndoo ya kwanza ya maembe ivuke mpaka. Asisubiri kuambiwa. Siku mwizi akiruka uzio usiku, wa kwanza kupiga yowe ni bimkubwa, sio wafuasi wake wa Insta.

Na wewe je, mwembe wako umeegemea kwa nani? Funguka kwenye komenti.