Kutoka modemu hadi mkongo wa baharini: Funzo la Kenya kwa majirani wasio na bahari

Tarehe 30 Septemba 2025, kampuni ya AOL ya Marekani ilizima huduma yake ya intaneti ya kupiga simu, iliyodumu zaidi ya miaka 30. Huko Marekani wengi waliipokea habari hiyo kama kumbukumbu ya ujana wao. Afrika Mashariki ina sababu nyingine ya kuitafakari: mvutano uliozuka Kenya katika enzi ya modemu, kuhusu nani anamiliki njia ya mawasiliano na nani anabeba gharama yake, haujamalizika hadi leo.

Laini ya simu ya mezani iliundwa ili kubeba sauti ya binadamu. Kazi ya modemu ilikuwa kugeuza data ya kompyuta kuwa milio, nayo modemu ya upande wa pili ikairejesha milio hiyo kuwa data. Ule mkwaruzo uliosikika kila simu ilipopigwa ulikuwa mapatano: mashine mbili ziliulizana uwezo wao, zikaipima laini, kisha zikakubaliana juu ya kasi ambayo pande zote pamoja na waya wenyewe zingeweza kuihimili.

Mapatano hayo yasingewezekana bila kanuni za pamoja. Kanuni hizo ndizo viwango vinavyotolewa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lenye makao yake mjini Geneva. Kiwango cha V.32bis cha mwaka 1991 kiliruhusu kilobiti 14.4 kwa sekunde. V.34 ya mwaka 1994 ilifikisha 28.8, kisha 33.6. Mwaka 1997 kampuni ziligawanyika: U.S. Robotics ilileta mfumo wake wa X2, huku Rockwell na Lucent zikileta K56flex. Mifumo yote miwili iliahidi kilobiti 56, lakini haikuelewana. Mteja aliyenunua modemu tofauti na ile ya mtoa huduma wake hakuipata kasi aliyoilipia. Suluhu ilipatikana mwaka 1998 kwa kiwango cha pamoja cha V.90.

Namba na ukweli wa waya

Hata hivyo, 56 ilikuwa kikomo cha juu tu. Kasi hiyo ilimhusu anayepokea data. Anayetuma alibaki kwenye 33.6. Tena ilihitaji mtoa huduma aunganishwe na mtambo wa simu kwa njia ya kidijitali, na waya wa kuelekea nyumbani uwe safi. Waya ukiwa mchakavu au mrefu mno, modemu zilijishusha zenyewe hadi kasi ndogo.

Hapo ndipo tofauti ya kitaalamu ilipogeuka kuwa suala la mfuko. Faili la megabaiti 5 huchukua takriban dakika 12 kwa kilobiti 56, lakini dakika 46 kwa kilobiti 14.4. Katika nchi kama Kenya, ambako hata simu za ndani zilitozwa kwa muda, mteja mwenye laini mbovu alilipa zaidi kwa kazi ile ile. Ubovu wa mtandao ulikuwa wa shirika la simu. Bili ilikuwa ya mteja.

Mlango mmoja wa kutokea

Shirika hilo lilikuwa la serikali, na lilishika ufunguo wa njia ya kimataifa. Kenya ilipata muunganisho kamili wa intaneti mwaka 1995, na mwaka 1998 shirika likazindua Jambonet, uti wa mgongo ambao watoa huduma binafsi walilazimika kuutegemea ili kuifikia dunia.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi jirani yenye mtoa huduma tofauti ilisafiri kwa setilaiti hadi ng'ambo, kisha ikarudi. Novemba 2000 watoa huduma walianzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili mawasiliano ya ndani yabaki ndani. Baada ya wiki mbili tu, kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, mamlaka ya mawasiliano ilikifunga. Kilifunguliwa upya mwaka 2002 baada ya mabishano marefu ya kisheria.

Mwaka 2009 mikongo ya baharini ya Seacom na TEAMS ilifika Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Nchi zisizo na pwani, zikiwemo Uganda, Rwanda na Burundi, zilinufaika kupitia Mombasa na Dar es Salaam. Ila mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, huduma zilidorora kuanzia Tanzania na Kenya hadi Uganda na Rwanda. Kosa lililotokea mbali baharini liliwafikia watu wasiokuwa na hata ufuo.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, maandishi ya 4G au 5G kwenye kioo cha simu ni kama namba 56 kwenye boksi la modemu: yanataja kiwango cha teknolojia, hayasemi data inapita kwa kasi gani. Wasimamizi wa mawasiliano wanapopima huduma, wapime kasi inayomfikia mteja wa kijijini, wala wasitosheke na ramani ya minara.

Pili, njia mbadala hazijengwi siku ya ajali. Vituo vya kubadilishana data vipo sasa Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam; vinapotumika ipasavyo, mawasiliano ya ndani huweza kuendelea hata mkongo ukikatika. Lakini huduma ambazo data zake huhifadhiwa ng'ambo husimama mara moja. Kwa serikali za nchi zisizo na pwani, uamuzi wa wapi taarifa za hospitali, benki na shule zihifadhiwe una uzito sawa na uamuzi wa kununua mkongo mwingine.