Bwawa la samaki kwenye shimo la dhahabu: nani alipima?

"Mama watoto, lile shimo la nyuma lina maji mwaka mzima. Tukimwaga kambale mia mbili, Krismasi tunakula vya kwetu."

"Baba, si ndipo mlipokuwa mnaoshea marudio?"

"Hiyo ilikuwa zamani. Vyura wanaishi humo, samaki watashindwa nini?"

Mazungumzo ya namna hii si mageni Rwamagasa, Nyarugusu, Kakola, hata Kahama. Dhahabu ikiisha shimo huachwa, mvua hulijaza, na baba anayehangaikia familia anaona mradi. Kambale ni mvumilivu, anapumua hata hewa ya juu ya maji, na chakula chake hakisumbui. Watoto watapata kitoweo bila kusubiri mchuuzi wa baiskeli. Wazo la baba ni zuri. Swali la mama ni zuri zaidi.

Mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa kwenye karasha ili ikamate dhahabu. Kisha huichoma, zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki. (Wanaochomea jikoni, karibu na watoto, wanavuta sumu hiyo moja kwa moja, na hilo lisisubiri bwawa wala samaki. Likome leo.) Zebaki isiyokamata dhahabu huondoka na maji ya kuoshea na kutulia kwenye tope. Ndani ya tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya aina nyingine, hatari zaidi, inayoingia mwilini kwa urahisi na kutoka kwa shida. Wadudu wa majini wanaipata, samaki wadogo wanakula wadudu, samaki wakubwa wanakula wadogo, na kila hatua kiasi kinaongezeka. Kambale anayepekua tope na kumeza samaki wenzake hubeba zaidi ya sato anayekula majani na ukijani wa majini. Mkubwa na mzee hubeba kuliko kijana.

Hapo ndipo hoja ya vyura inapoanguka. Samaki mwenye zebaki hafi. Ananenepa, anaruka, macho yake maangavu, hana harufu. Ugonjwa si wake, ni wa anayemla. Na sumu hiyo imo kwenye nyama yenyewe, kwa hiyo kukata kichwa, kukausha, kubanika au kukaanga hakuiondoi.

Japani waliligundua jambo hili kwa machozi. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata, watu wa familia za wavuvi walianza kutetemeka, kupoteza uwezo wa kuona na kutembea, paka nao wakirukaruka kama wenye kichaa. Kiwanda kilikuwa kimemwaga zebaki kwenye ghuba yao na wao walikuwa wanakula samaki wa hapo kila siku. Lililowaumiza zaidi wazazi ni kwamba baadhi ya akina mama walioonekana wazima walijifungua watoto wenye ulemavu wa ubongo. Zebaki ilikuwa imepita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Geita nayo ilishapimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa walikusanya samaki, maji na tope kuanzia Rwamagasa hadi Ghuba ya Nungwe, ziwani. Samaki wa ziwani walikutwa na zebaki kidogo. Waliozidi kiwango cha usalama walikuwa baadhi ya samaki waliovuliwa karibu na machimbo, kwenye maji yanayopokea uchafu wa uchenjuaji. Kwa mzazi, maana yake ni kwamba hakuna sababu ya kuwanyima watoto dagaa na sato wa Ziwa Victoria. Wa kuogopwa ni samaki wa dimbwi lililo mita chache kutoka karasha.

Kuna jambo linalokera hapa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu, na tangu hapo ukaguzi ukakazwa. Leo minofu ya sangara inayopanda ndege kwenda Ulaya hupimwa maabara. Kambale wa bwawa la nyumbani, anayeliwa na mtoto wa miaka miwili, hapimwi na mtu. Wataalamu wapo: Maabara ya Taifa ya Uvuvi iko Nyegezi, Mwanza, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Mwanza, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina watafiti wa ufugaji wa samaki na wa maradhi yao. Ila hawatakuja wenyewe nyuma ya nyumba. Njia ya kuanzia ni afisa uvuvi wa wilaya, na aulizwe mapema vipimo vinagharimu kiasi gani na sampuli ibebwe vipi.

Wenye malambo huko Shinyanga, mbali na machimbo, wana shida nyingine kabisa. Kwao samaki hufa kweli. Asubuhi unakuta sato wamejaa juu wanahema, midomo wazi. Mara nyingi huo si ugonjwa, ni hewa iliyoisha usiku kwa sababu ya samadi au chakula kilichozidi. Sitisha chakula, ingiza maji safi, na wengi watanusurika. Wakiendelea kufa kidogo kidogo, wenye vidonda au macho yaliyotokeza, hapo kuna mgonjwa. Watu wengi hukimbilia dawa za kuku au tetrasaiklini ya duka la dawa, jambo linaloharibu kuliko kuponya, kwani hujui unatibu nini na mabaki ya dawa utayala wewe.

Mtaalamu anamtaka samaki anayeumwa akiwa bado hai, ndani ya maji yake. Akishindikana, basi aliyekufa sasa hivi, kwenye barafu. Aliyeelea tangu jana ameoza na hasemi kitu. Umuhimu wa kazi hii ulionekana mwaka 2018, pale watafiti, wakiwamo wa Makerere na Sokoine, walipotangaza kuwa wamekuta virusi vya sato katika samaki wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa porini, upande wa Uganda na wa Tanzania. Virusi hivyo havimdhuru binadamu, lakini nchi nyingine vimeua samaki kwa mabwawa mazima. Ndiyo maana vifaranga vinunuliwe mahali panapojulikana, kama kituo cha serikali cha Rubambagwe, Chato, badala ya kuchotwa ziwani kwa chandarua na kumwagwa lamboni.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kutoka Geita hadi Mwanza hakuna tena kusubiri kivuko. Sampuli ikitoka alfajiri, inafika maabara bado ya ubaridi.

"Basi nitajaza chupa ya maji niipeleke," baba anakubali mwishowe.

"Maji tu?" mama anauliza. "Chukua na tope la chini. Maji yanaweza kuwa safi."

"Na jibu likiwa baya?"

"Tutachimba kwingine, kule juu kwenye mihogo. Na hilo shimo tulizungushie miiba, watoto wa jirani wanaogelea humo."