Askari wa Kifaru

Msomaji wetu aliye jeshini, asomapo kichwa cha maneno haya, huenda akadhani tunataka kuzungumza juu ya kifaru cha vita na wale wakiendeshao. La. Leo twasema juu ya kifaru mnyama, na juu ya ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu atuaye mgongoni mwake. Waswahili wamempa ndege huyo jina la heshima, askari wa kifaru. Kwa kuwa jina la askari ni letu pia, sisi tuvaao sare, twaona yafaa tumtazame mwenzetu huyo kwa makini.

Jina hilo hakupewa bure. Macho ya kifaru ni dhaifu, na mwindaji ajuaye kunyemelea aweza kumkaribia sana. Ndege amwonapo mtu hupiga kelele, na kifaru hugutuka. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi juu ya vifaru weusi wa Afrika Kusini. Kifaru asiye na ndege alimtambua mtu anayemjia mara 23 tu katika kila 100, kwa umbali wa mita 27 hivi. Aliyekuwa na ndege alimtambua kila mara, kwa wastani wa mita 61. Tena ndege huyo hula kupe. Huo ndio ulinzi, na hapo jina lamstahili.

Lakini habari ya ndege huyu ina upande wa pili. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000 juu ya ng'ombe wa Zimbabwe ulionyesha kwamba ng'ombe waliozuiliwa ndege hao hawakuzidiwa na kupe, na kwamba vidonda vya wale waliotembelewa nao vilichelewa kupona. Sababu ni kwamba ndege hudonoa kidonda na kunywa damu, na kidonda kikifunga, damu hakuna. Basi ndege yuleyule, juu ya mgongo uleule, ni mlinzi asubuhi na mnyonyaji jioni. Jina lake halibadiliki. Kinachobadilika ni kile alichokishika mdomoni, kupe au damu.

Sasa na turudi nyumbani, hapa Nyakabiga. Tuseme mama mmoja atoka alfajiri na beseni lake la ndagala. Kwenye bariyeri akuta askari, naye amdai faranga 1,000 za kinywaji. Mama hana nguvu ya kubishana na bunduki, atoa, apita. Askari ajiambia kuwa ni fedha kidogo. Na tuhesabu pamoja. Kwa siku 300 za kazi, hizo ni faranga 300,000, nazo zilikuwa daftari za watoto, dawa ya malaria na mtaji wa beseni la pili.

Hata hivyo hasara kubwa si hiyo. Wafugaji wetu wanamjua kupe vema. Damu aifyonzayo ni kidogo, lakini aweza kumwachia ng'ombe ugonjwa wa ndigana, nao humwua ng'ombe mzima wakati kupe amekwisha kuanguka na kwenda zake. Faranga 1,000 ni tone la damu. Ugonjwa unaobaki ni kutoaminiana. Siku mama yule atakapoona watu asiowajua wakificha silaha kando ya mto Ntahangwa, atamwambia nani? Atanyamaza. Na wa kwanza kulipia ukimya huo ni askari wa doria ya usiku, ambaye pengine hakuchukua hata senti ya mtu.

Wako watakaotujibu kwamba mshahara hautoshi. Hatusemi kwamba shida ya askari ni hadithi. Tunaijua, kwa kuwa tunaishi nayo. Lakini muuza ndagala siye apangaye mishahara. Malalamiko ya askari yana njia yake, nayo hupanda kwenda kwa wakubwa, hayashuki kwenda kwa wanyonge. Kwa sababu hiyo hatuna budi kusema na wakubwa pia. Kiongozi apunguzaye posho ya vijana wake ndiye kupe wa kwanza, na askari wa bariyeri ni mwanafunzi wake. Sheria ya tarehe 18 Aprili 2006 dhidi ya rushwa yawahusu wenye nyota mabegani sawasawa na wasio nazo.

Tumelitumia neno kupe, na ni wajibu wetu kuonya juu yake. Katika Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wanyonyaji waliitwa kupe kwa sababu ya matendo yao. Lakini katika Rwanda, mwaka 1994, redio iliwaita majirani inyenzi, yaani mende, kwa sababu ya kuzaliwa kwao, na watu wakachinjwa. Nasi Warundi, tuliozika ndugu zetu mwaka 1972 na mwaka 1993, hatuhitaji kufundishwa jambo hilo na mgeni. Kupe liwe jina la tendo. Lisiwe kamwe jina la kabila, la chama wala la mtaa. Kupe hawezi kuacha kuwa kupe. Mtu aweza, hata leo jioni. Kama tusingeamini hivyo, Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yasingeweza kuwaweka katika kambi moja watu waliokuwa wakipigana.

Ndugu askari, ndugu polisi, mwishoni mwa kila zamu mtu ajiulize peke yake: Leo nimeondoa kupe, au nimekunywa damu? Kifaru hana mkono wa kumfukuza ndege amwumizaye, na mwananchi asiye na silaha naye amebeba kidonda chake kimya. Ulinzi wa nchi hujengwa na wale waachao kidonda kipone. Kesho alfajiri mama yule atapita tena Nyakabiga na beseni lake. Asalimiwe, aulizwe hali ya usiku mtaani kwake, kisha apite.