Kabla ya Uloto, Kipimo

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, seli shina zilifika dukani kabla ya kufika hospitalini. Zinauzwa kwenye makopo na vipakiti, kwa mtindo wa mteja kuleta mteja, na orodha ya magonjwa yanayodaiwa kupona ni ndefu kuliko maelezo ya kilichomo ndani: kisukari, presha, magoti, ugumba, hata selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Seli hai haiwezi kukaushwa ikawa unga, ikakaa rafuni kwenye joto miezi kadhaa, kisha ikapita salama kwenye asidi ya tumbo. Anayelipa hapo amenunua jina.

Toleo hili linahusu seli zenyewe, na linaanzia katika mkoa wenye sababu ya kuzifuatilia kwa karibu: Simiyu. Tangu uanzishwe 2012, ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, mkoa huu umejulikana kwa pamba. Kwa selimundu hautajwi sana, ingawa umo katika ukanda wa Ziwa ambao umebeba mzigo mzito wa ugonjwa huo. Mwaka 2020 watafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, na wenzao walichapisha matokeo ya vipimo vya damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 kutoka kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa kamili. Kwa hesabu ya kliniki, huyo ni mtoto mmoja katika kila 80 hivi wanaopandishwa kwenye mizani.

Sababu yake ilielezwa zamani. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za maelfu ya watu wa Afrika Mashariki na mwaka 1954 akaonyesha kwamba aliyerithi kinasaba kimoja ana kinga fulani dhidi ya malaria. Palipo na malaria ya miaka mingi, kinasaba hicho hustawi, na wazazi wawili wazima kabisa wanaweza kupata mtoto mgonjwa.

Mtoto huyo anahusikaje na seli shina? Kwa njia mbili, na zote zinapita ndani ya mfupa.

Uloto, ule ute wa ndani ya mfupa, una familia mbili za seli hizi. Ya kwanza hutengeneza damu. Ya pili, seli shina za mesenkima, ni chache sana, na ndizo zinazozaa mfupa, gegedu na mafuta. Mrusi Alexander Friedenstein ndiye aliyezichunguza kwa kina kuanzia miaka ya 1960, na Mmarekani Arnold Caplan akazipa jina hilo mwaka 1991. Matumaini yalikuwa makubwa: zichukuliwe, zikuzwe maabara, zidungwe palipoharibika, nazo zijenge upya. Mambo hayakwenda hivyo. Zikiingizwa kwenye mshipa, nyingi hunasa mapafuni na kutoweka ndani ya siku chache. Kazi yake kubwa imeonekana kuwa ni kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kuamsha seli nyingine. Mwaka 2017 Caplan mwenyewe alitaka jina alilolitoa libadilishwe.

Rekodi ya seli hizi katika tiba ina pande mbili. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake watatu walioharibikiwa vibaya na macho baada ya kudungwa seli zilizotokana na mafuta yao wenyewe katika kliniki moja ya Florida. Mwaka 2023 jaribio kubwa la sindano za seli kwenye magoti yaliyochakaa lilikuta kwamba, baada ya mwaka mmoja, hazikuishinda sindano ya kawaida ya steroidi. Ushindi ulio wazi ulikuja Desemba 2024, Marekani ilipoidhinisha kwa mara ya kwanza dawa ya seli za mesenkima. Ni ya watoto waliopandikizwa seli za damu, ambao seli za mchangiaji zimegeuka kuushambulia mwili wao na steroidi zimeshindwa kuzizuia. Dripu moja ilitangazwa kwa dola 194,000, na matibabu ya kawaida ni dripu nane.

Kuna kazi nyingine ya seli hizi, ya kimyakimya, inayomgusa zaidi mtoto wa Simiyu, nayo ndiyo njia ya kwanza. Selimundu huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja. Mfupa hufa taratibu, kisha huporomoka, na kijana wa miaka kumi na kitu anaanza kuchechemea. Nchini Ufaransa, Philippe Hernigou, daktari wa mifupa mjini Créteil, alikuwa akivuta uloto wa mgonjwa mwenyewe kutoka kwenye nyonga, akiuchuja ubaki ule wenye seli nyingi, na kuudunga ndani ya kichwa cha mfupa huo. Mwaka 2002 aliripoti matokeo ya nyonga 189 za wagonjwa 116, miongoni mwao wenye selimundu. Walionufaika ni wale waliotibiwa mapema. Mfupa ukishaporomoka, sindano haiuinui.

Njia ya pili ni kubadilisha chanzo chenyewe cha damu, na hii ipo Tanzania. Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Mchangiaji, ambaye mara nyingi ni kaka au dada, hulazwa kwa nusukaputi na kuvutwa uloto kwa sindano nene nyuma ya nyonga. Mgonjwa kwanza hupewa dawa kali za kuufuta uloto wake. Siku ya kupandikizwa haina kisu: mfuko unatundikwa kwenye stendi, mrija unaunganishwa kwenye mshipa, na kilichomo kinashuka tone kwa tone kama damu ya kawaida. Seli zinajitafutia njia hadi mfupani. Kisha zinafuata wiki za kutengwa, wazazi wakisubiri hesabu ya seli nyeupe ianze kupanda.

Ugumu uko kwa mchangiaji. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa. Hata akipatikana, matokeo bora ni kwa watoto wadogo, kabla ubongo, figo na mapafu havijaumia. Anayefikishwa Dodoma akiwa ameshapata kiharusi anaanza safari akiwa amepungukiwa.

Hapo ndipo hoja ya toleo hili ilipo. Sindano ya nyonga inataka mapema. Uloto unataka mapema. Hata tiba mpya ya kuhariri vinasaba, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 na kupangiwa bei ya dola milioni 2.2 huko Marekani, inataka mgonjwa anayejulikana na aliyetunzwa. Mtoto anayefariki kabla ya miaka mitano, homa yake ikiandikwa malaria na upungufu wake wa damu ukiandikwa lishe, hafiki kwenye foleni ya tiba yoyote kati ya hizo. Kubishana iwapo nchi iweke fedha kwenye sayansi ya juu au kwenye kipimo cha kijijini ni kutenganisha kitu kimoja.

Atakayeuliza kupima kuna faida gani ilhali uloto ni wa wachache, ana jibu. Penisilini ya kila siku hadi miaka mitano na chanjo za nimonia hupunguza maambukizi yanayoua watoto hawa. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza, ilijaribiwa kwa watoto 606 Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Matokeo ya 2019 yalionyesha maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vikipungua. Hakuna kati ya hizo inayosubiri chumba cha upasuaji.

Na njia ya kupimia imeshapitika. Zile sampuli zaidi ya 17,000 za Bugando hazikukusanywa kwa ajili ya selimundu. Zilikuwa kadi za karatasi zenye matone ya damu kutoka kisiginoni, zilizokaushwa na kusafirishwa kwenda Mwanza kwa kipimo cha VVU cha watoto wachanga. Watafiti walitumia damu iliyobaki. Kadi, usafiri na maabara ni vilevile. Kinachokosekana ni kuipanua huduma iwafikie watoto wote, kwa mfano wanapoletwa kliniki ya Bariadi au Meatu kwa chanjo ya wiki ya sita, na bajeti ya vitendanishi inayopangwa kila mwaka badala ya kungoja mradi. Halmashauri tano za wilaya na ile ya mji wa Bariadi hupitisha mipango yao ya afya kila mwaka. Mstari wa bajeti hiyo unaweza kuandikwa katika mpango ujao, ukiambatana na wa pili: haidroksiyurea kwenye hospitali ya wilaya, ili majibu yakirudi kutoka Mwanza mama apewe na dawa.