Roho ya mwanakijiji si kiingilio cha mbugani

KILA inaporipotiwa kwamba mtu ameuawa na mnyama pori Rufiji, Tunduru, Bunda au Taita Taveta, mjadala wetu huwa ni uleule. Upande mmoja unasema mnyama huyo asakwe na kuuawa. Upande wa pili unasema wananchi ndio waliovamia makazi ya wanyama. Baada ya siku tatu habari imekwisha, marehemu amezikwa, na wakulima wamerudi shambani kulala kwenye dungu lilelile.

Mimi naona pande zote mbili zinalikwepa swali lenyewe. Nani anapaswa kubeba gharama ya kuishi na simba na tembo? Ni mtalii anayelipa ili awaone, ni serikali inayowamiliki kwa mujibu wa sheria, au ni mama anayelima ekari mbili za mpunga? Mpaka leo mbebaji mkuu ni huyo mama.

Tuanze mbali kidogo, kwa watu wanaoishi na dubu. Ndugu zetu walioko Colorado, Alaska na British Columbia wanamfahamu mnyama huyu, na baadhi yao wameshamkuta akipekua pipa la takataka nyuma ya nyumba. Katika hifadhi ya Yosemite, California, mwaka 1998 yaliandikwa matukio zaidi ya 1,500 ya dubu kuvunja magari na kuvamia kambi wakitafuta chakula. Wahusika hawakuamua kuwamaliza dubu, wala hawakuwaambia wenye mahema wakae nyumbani. Walifunga makabati ya chuma kwenye viwanja vya kambi, wakaleta mapipa ambayo dubu hawezi kuyafungua, wakaweka faini kwa anayeacha chakula ovyo, na wakaajiri watu wa kuzunguka usiku. Matukio yakapungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Anayekwenda kupiga kambi huko hupewa masharti tangu getini. Chakula kisilale hemani, hata dawa ya meno, kwa sababu pua ya dubu haibagui. Ukimwona usikimbie, maana kukimbia ndiko kunakomfanya akufukuze. Dubu mweusi akikushambulia, pigana naye. Dubu wa kahawia akikuangusha kwa kujihami, lala kifudifudi, funika shingo kwa mikono na utulie mpaka aondoke. Ni elimu nzuri, na msomaji wetu aliyeko huko aishike. Lakini tuangalie nani aliyeilipia. Makabati yale hayakununuliwa na mwenye hema. Ni mamlaka iliyokubali kwamba kama inataka dubu aishi, ni wajibu wake kumlinda binadamu aliye jirani naye.

Sasa twende kwetu. Mwaka 2005 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania, ulioonyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300. Maeneo yaliyoumia kuliko yote yalikuwa ya kusini, hasa Rufiji na Lindi. Watafiti walipouliza kwa nini, jibu lilianzia kwa nguruwe pori.

Nguruwe pori huingia mashambani usiku na kuteketeza mahindi, mpunga na muhogo. Mkulima asiyelinda havuni. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi Mei, mazao yanapokomaa, familia nzima huhamia shambani na kulala kwenye vibanda vya makuti visivyo na mlango. Simba naye humfuata nguruwe. Akifika shambani anamkuta nguruwe mwenye mbio na binadamu aliyelala. Waliobaki kijijini nao wana hatari yao, kwa sababu choo kiko nje, tena mbali, na mtu hutoka peke yake gizani.

Utafiti mwingine wa kundi hilohilo, uliotolewa mwaka 2011, ulichambua mamia ya mashambulizi ya Tanzania na kukuta kwamba mengi hutokea katika saa za mwanzo za usiku, kabla ya saa nne, na huongezeka sana katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake ni rahisi. Mwezi ukishapita upevu huchelewa kuchomoza, kwa hiyo jioni inakuwa na giza, na simba aliyeshindwa kuwinda vizuri siku za mbalamwezi ana njaa. Hii ni elimu ambayo ingeweza kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya kijiji pamoja na kalenda ya mwezi. Haigharimu kitu. Niambieni ni vijiji vingapi vya Rufiji na Lindi vilivyobandikiwa.

Wapo watakaosema simba mla watu ni jini au ni mtu aliyejigeuza. Imani hizo zipo, na nyakati fulani zimeua watu wengine wasio na hatia waliotuhumiwa uchawi. Simba aliyepewa jina la Osama, aliyehofiwa Rufiji kuanzia mwaka 2002 na kudaiwa kuua watu wapatao 35, alipouawa Aprili 2004 alikutwa na jipu kubwa kwenye jino. Alikuwa simba kijana mwenye maumivu mdomoni. Hakukuwa na jini pale.

Historia yetu ya kuhesabu wafu wa namna hii ni mbaya tangu zamani. Mwaka 1898 simba wawili walisimamisha ujenzi wa daraja la reli pale Tsavo. Luteni Kanali John Henry Patterson aliyewaua Desemba mwaka huo aliandika kwamba Wahindi 28 waliokuwa vibarua wa reli waliliwa, na Waafrika kadhaa wa kadhaa ambao hawakuwekewa kumbukumbu yoyote. Simba wenyewe waliuzwa mwaka 1924 kwa dola 5,000 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, na wako pale hadi leo. Msomaji aliyeko Chicago anaweza kwenda kuwaona. Simba wamehifadhiwa mpaka manyoya, ila Mtaita au Mkamba aliyeliwa nao hatumjui hata jina. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mifupa na nywele za simba hao na kukadiria kwamba walikula watu wapatao 35. Ilibidi tuulize nywele za simba kwa sababu hakuna karani aliyejali kuandika.

Tumebadilika kiasi gani? Tanzania ilitunga Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, na mwaka 2011 zikafuata kanuni za malipo. Malipo hayo hayaitwi fidia. Ya mazao yanaitwa kifuta jasho, na ya mtu aliyeuawa au kujeruhiwa yanaitwa kifuta machozi. Msomaji asidhani kwamba hilo ni suala la maneno tu. Fidia ni haki, na mwenye haki anaweza kudai na kushtaki. Kifuta machozi ni hisani, na hisani haina tarehe ya mwisho. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa mtu aliyeuawa. Shamba lililoliwa na tembo lilipangiwa malipo kwa ekari, na ekari zinazozidi tano hazikuhesabiwa.

Milioni moja ya mwaka 2011 ilikuwa kama dola 630. Kufikia katikati ya mwaka 2024, milioni hiyohiyo haikufika dola 400. Mtalii mzima kutoka nje amekuwa akilipa kati ya dola 60 na 70 kwa siku kuingia Serengeti, kabla ya kodi. Pigeni hesabu wenyewe. Roho ya baba wa familia imewekwa sawa na kiingilio cha mtalii mmoja kwa siku sita hivi. Hata ukizidisha kiwango hicho mara mbili, bado ni tusi.

Kenya wao, kwa sheria yao ya mwaka 2013, waliweka shilingi milioni tano za Kenya kwa kifo, ambazo kwa thamani ya 2024 zinakaribia mara mia moja ya kiwango kile cha Tanzania. Kwenye karatasi wametuacha mbali. Lakini waulizeni wananchi wa Taita Taveta, Laikipia na Kajiado wamesubiri miaka mingapi. Madai yamerundikana kuliko fedha iliyotengwa, na mjane amebaki kutembea na faili la polisi na la hospitali. Uganda nayo iliingiza mpango wa fidia katika sheria yake ya mwaka 2019. Nasema hivi ili tusidhani dawa ni kuandika tarakimu kubwa peke yake. Tarakimu isiyolipwa haimsomeshi yatima.

Na mwananchi asipolipwa wala kulindwa, anachukua mkuki. Mei 2023, karibu na Amboseli, wafugaji waliopoteza mbuzi na mbwa waliua simba sita kwa siku moja. Siku chache kabla ya hapo aliuawa Loonkito, simba dume wa miaka 19, mmoja wa simba wazee kabisa waliojulikana porini. Dunia nzima ilimlilia Loonkito. Sina ugomvi na machozi hayo, ila ningependa mwenye mbuzi naye apate japo tone.

Naomba nieleweke. Sisemi wanyama wamalizwe. Naandika haya nikiwa Al Sadd, katikati ya Doha, ambako mnyama mkubwa anayetembea mtaani usiku ni paka. Bara hili la Waarabu lilimaliza wanyama wake. Swala mweupe aitwaye orix, ambaye ndiye mnyama wa taifa wa Qatar, alitoweka porini mwaka 1972, na Oman ililazimika kuanza kumrudisha jangwani mwaka 1982 kwa gharama kubwa na ulinzi. Leo Qatar inawatunza kwenye hifadhi zenye uzio. Kuua ni kazi ya bunduki moja, kurudisha ni kazi ya serikali nzima. Tanzania ina simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Tusije tukafika mahali pa kuwanunua wetu wenyewe.

Lakini hukuhuku Qatar kuna jambo la kuiga. Wenyeji wana msimu wa kambi za jangwani wakati wa baridi. Hawana simba wa kuogopa, hatari yao ni mkaa unaowashwa ndani ya hema lililofungwa na magari yanayopinduka mchangani. Hata hivyo wizara hutoa vibali, hupanga maeneo na kusimamia masharti. Kama mtu anayepiga kambi kwa starehe anapangiwa usalama wake, itakuwaje mkulima wa Rufiji, anayepiga kambi shambani miezi mitatu kwa sababu ya njaa, aachiwe tochi na dua?

Njia zipo, na nyingi zimebuniwa na watu wetu. Kijana Richard Turere wa Kitengela, akiwa na miaka 11, alitengeneza taa zinazowaka na kuzimika kuzunguka zizi la baba yake, na simba wakaogopa kusogea. Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya nyuki wanatoka, na tembo anamwogopa nyuki. Mkulima analinda mahindi na asali anauza. Simanjiro wafugaji wamepanda miti kama nguzo na kufunga wavu wa chuma, zizi likawa ukuta unaoota. Amboseli, tangu 2006, vijana wa Kimaasai waliokuwa wakiwinda simba wanalipwa kuwafuatilia na kuwatahadharisha wafugaji. Kilichobaki ni nani atavifikisha vitu hivi vijiji vya kusini, ambako hakuna watalii wengi na kwa hiyo hakuna wafadhili wengi.

Nanyi mnaorudi likizo na watoto waliozaliwa ughaibuni, mkapiga kambi Seronera au ukingo wa Ngorongoro, fuateni masharti. Fungeni hema mpaka mwisho, msilaze chakula ndani, msitoke usiku kwenda chooni bila kumulika pande zote. Pale kambi ya Simba, Ngorongoro, tembo huingia kunywa maji kwenye tangi, na si wa kupigwa picha kwa karibu. Ila mkumbuke kwamba mlichokifanya usiku mbili, mwenzenu anakifanya msimu mzima bila hema.

Hapa Doha tunajua kuchangishana. Mlinzi, dereva na dada wa kazi za ndani wote hutoa riyali zao ukitokea msiba nyumbani. Naomba sehemu ya mchango huo itangulie msiba. Mlango wa mbao, choo karibu na nyumba, taa ya jua na wavu wa zizi ni vitu ambavyo kikundi cha watu kumi kinaweza kuvimudu kwa kijiji chao. Hilo haliiondolei serikali wajibu wake. Kwa sheria ya Tanzania wanyamapori ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Ng'ombe wa jirani akila shamba lako, mwenye ng'ombe hulipa, na hulipa kilicholiwa.

Kwa hiyo madai yangu kwa wizara ni haya. Kifuta machozi kiitwe fidia na kiwe na siku ya mwisho ya kulipwa. Sehemu ya kila kiingilio cha mbuga iende moja kwa moja kwenye mfuko wa kinga na fidia, usiochanganywa na mambo mengine. Na kila mwaka bungeni isomwe orodha ya waliouawa na wanyama, kwa majina na vijiji vyao. Idadi ya watalii tunatangaziwa kila mwaka kwa mbwembwe. Anayeweza kuhesabu wageni getini hashindwi kuhesabu makaburi nyuma ya shamba.